Usipa Ulionuka Ukutani kwa Skola

Tuliokuwapo Litembo ni hawa: Skolastika, mdogo wangu wa tumbo moja; Kosmas, mwanawe; fundi Otmar, shemeji yake Kosmas; na mimi Gaudensia. Marehemu Osmund, mume wa Skola, namhesabu pia, maana nyumba ni yake. Aliijenga miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuifuata kahawa: kuta mbili za tofali, katikati maranda ya mbao, baridi isipite.

Nilitoka Mbamba Bay kwa kuwa nilisikia ukuta unalowa na Skola anakohoa. Nilikwenda kumchukua. Kitanda nilishamtandikia, kule dirishani tulikolala tukiwa wasichana.

Lori lilipopanda milima niligeuka kila kona kulitazama ziwa, mpaka likafichika. Kutoka Mbinga nikaenda kwa miguu, kapu la usipa, dagaa wa ziwa letu, kichwani.

Jioni, Litembo. Skola alicheka, kikohozi kikamkata. "Dada, umebeba ziwa zima!"

"Nimekufuata wewe. Twende nyumbani."

"Na ukuta wa Osmund nimwachie nani?"

Asubuhi akaja Otmar. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Kosmas alikuwa amedhani ni mvua, akapiga plasta ya saruji nje, ukuta ukazidi kulowa. Otmar akabandua plasta nje, kwenye kona ya chumba cha kulala, akachomoa tofali. Jikoni Skola alikuwa anachemsha usipa wangu.

"Mama mkubwa, njoo unuse!" Kosmas akaniita nje. Tundu lilinuka usipa!

"Mvua gani hii yenye samaki?" Otmar akacheka. "Mvuke wa jikoni unapenya nyufa za ndani, ukikuta tofali za nje zina baridi unageuka maji. Na wewe shemeji ukaziba nje, yatokee wapi?"

Wakabandua plasta yote, wakatoa maranda yaliyooza, wakajaza makavu, wakatoboa dirisha jikoni. Nyufa za ndani, hadi pale boriti zinapoingia ukutani, tulizikandika udongo mimi na Skola. Kila ufa niliouziba nilijua namfungia Skola huko huko Litembo. Niliziba vizuri.

Nikakaa mpaka ukuta ukakauka, kikohozi kikapungua. Siku ya kurudi walinisindikiza wote watatu hadi njia ya Mbinga.

Nilichojifunza ni kwamba ukuta hulowa kwa mvuke wa wenyewe waliomo ndani, bila tone la mvua. Kitanda cha dirishani bado nakitandika.

Nakumbuka Skola aliniaga, "Karibu tena, dada." Kama alisema, "Nitakuja," basi Kosmas, Otmar, nyie mlikuwapo, nisahihisheni.