Ukuta wa Molasi na Ukurasa wa Mama

Sisi tuliokulia Shianda kabla ya kuta za matofali, Desemba yetu haikuanza na nyimbo za redio. Ilianza na kinyesi cha ng'ombe. Shule ikifungwa tu, Mama alitukabidhi karai, mimi na dadangu Nekesa, tukachote udongo mwekundu mtoni na majivu jikoni. Kila mmoja alikuwa na ukuta wake wa kusiriba kabla ya Krismasi. Mama alikuwa jaji, na tuzo ilikuwa paja la kuku. Wacha mchezo na paja la kuku enzi hizo!

Mwaka mmoja nilipaka tabaka moja jembamba, nikachora mawimbi kwa vidole vitatu chini ya dirisha. Nekesa, kwa kupenda makuu, alipaka tabaka juu ya tabaka, kisha akachanganya molasi, ule urojo mtamu wa miwa waliopewa ng'ombe, ili ukuta ung'ae. Na uling'aa, jamani! Nililala nikililia paja langu. Asubuhi tukakuta ng'ombe wawili wameulamba hadi fito zikaonekana, na ndani mjomba wetu, aliyekuja kulala kwetu kwa Krismasi, anausukuma ulimi wa ng'ombe uliopenya hadi shavuni pake. Mama alishika kiuno: "Nekesa, mimi nilisema upake nyumba, si upikie ng'ombe uji!"

Siku hizi mimi na Nekesa sote tunatengeneza kurasa za wavuti mjini Kakamega. Juzi Mama alitaka ukurasa wa kuuzia kuku wake Krismasi hii, kila mmoja wetu atengeneze wake. Sharti lilikuwa moja: ufunguke kwenye simu yake iliyopasuka kioo, kwa mtandao wa Shianda unaokuja ukipenda. Usipofunguka, kuku watazeekea bandani. Na tuzo? Paja.

Nikakaa kulinganisha fremuweki nyepesi za CSS, ile lugha ya kupamba kurasa: rangi na mipangilio ambayo wengine wamekwisha kutuchanganyia. Moja unaiunganisha kwa mstari mmoja, na vichwa na vitufe vinajipanga vyenyewe. Nyingine ni nyepesi pia, lakini kila kitu lazima ukipachike jina, mpaka majina yanakuwa mengi kuliko kuku. Ya tatu ni ndogo kuliko zote, ila vitufe vyake ni vyembamba mno kwa kidole kilicholima miwa. Nikachukua ya kwanza.

"Wewe bado uko na tabaka moja?" Nekesa akanicheka. Yeye ni kama vijana wa leo, ambao hata tangazo la mazishi wanalitia picha za kuteleza na maua ya kupepea. Akabeba fremuweki nzito kuliko zote.

Jumamosi Mama akafungua ukurasa wa Nekesa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, chai ikapoa.

"Na hii ng'ombe wameshalamba?" Mama akauliza.

Wangu ulifunguka mara moja. Nikaanza kunusa paja. Lakini Mama aliutazama tu.

"Umefunguka, sawa. Lakini ni wa nani? Si ni kama ule wa kanisa, na ule wa muuza mbolea?"

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Zamani ukipita njiani ulijua kila ukuta umepakwa na binti yupi. Nikafungua kompyuta, nikaandika CSS yangu mwenyewe, mistari michache: mawimbi matatu mekundu chini ya picha ya jogoo. Mama akafungua tena, akayapapasa kwa kidole.

"Haya. Sasa huu ni mkono wako."

Paja nikapewa. Nikaliuma, likawa kuku tu, kama wa kila Jumapili. Nikamkatia Nekesa nusu, naye hakugombana. Jamani, natamani angegombana.