Nesi Lesieli na Kaka Zake Tisa

Lesieli alirudi kisiwani kwao 'Eua, nchini Tonga, kutoka mafunzoni Nuku'alofa, mji mkuu, kabrasha kwapani, kidevu juu. Miaka ishirini na miwili ya unesi, na sasa kisiwa kizima yeye peke yake ndiye aliyefundishwa kutibu watu walionaswa na aisi, dawa ile inayovutwa kwa kiko cha kioo. Sharti lilikuwa moja: mkaguzi akija, amkute na mgonjwa aliyehudhuria mara nne. Akikosekana, chumba cha tiba hiyo kinafungwa, wagonjwa wapande meli wakatibiwe mjini. Na nani atapanda, gati zima likimkodolea macho?

Wa kwanza kuja alikuwa Siosaia, mtoto wa mama yake mkubwa. Kwao huyo ni kaka, kaka hasa, na kaka na dada wakishakua hawazungumzi mambo ya aibu. Lesieli alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini kabrasha lilisema mgonjwa asiachwe aondoke, naye akalitii kama Biblia. Siosaia alipomwona akageuka. Lesieli akamfuata barazani na maswali yake: anavuta mara ngapi, na akishavuta analala na wanawake? Mtu mzima akainamisha kichwa, akaenda zake pekupeku, ndala kaziacha mlangoni.

Jioni mama mkubwa akafika. Hakuketi.

"Mwanangu, mjini walikufunza au walikupokonya akili? Unamvua kaka yako nguo barazani?"

Lesieli akaomba radhi. Kisha akaitazama orodha yake ya waliohitaji tiba: wanaume kumi na mmoja, tisa kaka zake. Akajisonya mwenyewe, akainuka, akamfuata Maikolo, mfunga vidonda wa hospitali, mtu wa visiwa vya Vava'u aliyeoa pale, asiye na dada hata mmoja kisiwani. Maikolo akajitetea kwamba yeye anajua bendeji tu.

"Hiki nacho kidonda," Lesieli akamwambia. "Kaa."

Wiki tatu alimfundisha nyuma ya jiko la hospitali. Lesieli mwenyewe alijifanya mraibu: mkaidi, mwongo, mwingi wa machozi ya uongo, hadi Maikolo akajifunza kuuliza kisha kunyamaza. Ndipo Maikolo akaenda mwenyewe kwa Siosaia, na Siosaia akaja. Kila siku ya Siosaia kutibiwa, Lesieli alihamia leba, wasikutane.

Mkaguzi, mwanamke aitwaye Dakta Pisila, akazikuta saini nne, zote chini ya jina la Maikolo. Akauliza Lesieli kamtibu nani.

"Siosaia ni kaka yangu, sijamgusa. Nikimgusa anakimbia."

Dakta akamkumbusha kuwa nafasi ya mafunzo ni moja kwa kila kisiwa.

"Basi cheti mpe Maikolo, mimi niandike mwalimu wake. Lakini Dakta, kisiwa gani hakina kaka? Wewe wako ungemuuliza hayo?"

Dakta Pisila alikuwa na kaka wanne. Alichukua kalamu, na kwenye fomu ya visiwa vyote akakata "mmoja", akaandika: wawili, mwanamke na mwanamume.

"Na mwalimu?" Lesieli akauliza.

"Mwalimu ni wewe. Visiwani Ha'apai wanaanza mafunzo Jumatatu, kafunge mizigo."