Ramadhani Niliyogoma Kupika

Mimi na mume wangu tuko wawili tu katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, na kila Ramadhani friji letu hujaa vyakula vya majirani mpaka maji ya kunywa yanakosa pa kukaa. Mwaka juzi nikaapa: hakitatupwa hata kijiko kimoja. Wala sipiki. Kwa nini nipike, na uchochoro mzima unaniletea?

Tatizo lilikuwa mabakuli. Kwetu bakuli la jirani hulirudishi tupu, afadhali ulivunje. Basi nikabuni mpango. Tambi za jirani wa kulia nilizitia katika bakuli la jirani wa kushoto, muhogo wa nazi wa kushoto ukaenda kulia, na sisi tukabakisha kidogo cha kufuturia.

"Mke wangu, umefungua posta," mume wangu alisema.

Nilijiona mwerevu kupita kiasi.

Siku ya tano ilirudi sambusa niliyoijua. Ilikuwa imepasuka, na mume wangu aliibana kwa kijiti cha meno kabla hatujaipeleka kwa jirani. Imezunguka siku tatu, kijiti bado kimo. Ndipo nikafahamu kuwa kila nyumba ina posta yake.

Ningecheka, lakini jioni ile niliona pengo kabatini. Bakuli la marehemu mama yangu, jeupe lenye maua ya buluu, kitu pekee alichoniachia, halikuwapo.

"Nlikosa chombo," mume wangu alisema. "Nkatia ndizi humo, nkapeleka."

Nilimfokea mpaka nikashukuru kuwa tumeshafuturu.

Kesho yake alasiri nilitoka kulitafuta. Jirani wa kwanza akasema lilipita kwake juzi. Wa pili akalisifu sana, akasema amelipeleka mbele na kaimati. Wa tatu hakukumbuka hata lilikuja na nini. Na kila jiko nililochungulia lilikuwa baridi, saa ambayo Ramadhani kila nyumba hunukia vitunguu. Basi nani anayepika?

Nikamkuta nyumba ya mwisho: bibi mmoja anayeishi peke yake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mabakuli ya uchochoro mzima yamepangwa sakafuni, la mama likiwa katikati. Nilitaka kulinyakua nikimbie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnanipenda, mashallah! Kila siku mabakuli tisa. Mie nnakula kijiko, kinachobaki nnakipeleka msikitini wakafuturu wasafiri."

"Kwa nini usikigawe humo humo kwenye mabakuli?"

Alinitazama kama niliyetukana.

"Nimrudishie mtu chakula cha mwenzake? Haya gani hiyo! Nnapika tangu asubuhi." Alijishika kiuno, akanyoosha mgongo taratibu. "Unisamehe tu, tui la leo jepesi. Mikono ishachoka."

Niliona aibu mpaka nikalisahau bakuli. Nikavua baibui, nikamwinua pale juu ya mbuzi, nikakaa mimi. Nikakuna nazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yeye akanitazama, kisha akalitazama jua lilivyoshuka ukutani.

"Mwanangu, saa hizi! Kwani kwako hupiki?"

Nilikuwa nimefunga. Hata kumdanganya sikuweza.