Kipepeo Juu ya Maua ya Marehemu

Matofali yalikuwa yameshashushwa langoni, na mpigapicha mzee bado alikuwa amepiga magoti kwenye bustani ya marehemu mkewe, akisubiri wingu.

"Baba, malizana na hao vipepeo," mwanawe alisema. "Mafundi wanaota jua tu."

"Waache waote. Jua hili likipiga ua jekundu, kwenye picha linatoka kama damu ya kuku iliyomwagika. Mama yako hakupanda damu."

Vyumba vya wapangaji vingejengwa juu ya bustani hiyo. Wekundu wa maua yale, uliokolea katikati na kufifia ukingoni, ungebaki kwenye picha au usingebaki popote. Na mkanda uliokuwa ndani ya kamera ulikuwa wa mwisho. Duka lililouza mikanda sasa linauza makava ya simu.

Wingu likapita. Akapunguza mwanga, akazuia pumzi. Kipepeo wa rangi ya chungwa akatua, akakunjua mbawa. Mzee akabonyeza.

Zamani mkanda ulisafishwa na mtu. Mteja alimpelekea petali ndani ya karatasi, akamwambia nyekundu ipoe, naye fundi akaipoza mpaka rangi zikafanana. Mzee akachuma petali, akaenda nayo studio pamoja na mkanda.

"Hii ya nini, babu?" binti wa studio aliuliza.

"Ulinganishe rangi."

Binti akacheka mpaka akashika meza. "Mashine inajirekebisha yenyewe, babu. Hata ukiipikia supu ya maua haionji!"

Picha ilitoka inang'aa kama sahani ya plastiki. Petali zote zilikuwa doa moja jekundu. Kipepeo angeweza kuuzwa duka la midoli ya watoto.

"Nipe mkanda wangu, nitafute mwingine ausafishe."

"Mikanda tunatupa, babu. Siku hizi nani anaitaka? Gari la taka limeshapita."

Aliporudi nyumbani, msingi ulikuwa umechimbwa. Maua yalilala rundo moja, mizizi juu.

Cha kale dhahabu, husema wanaokitupa. Mwanawe aliitia picha fremu, akaitundika sebuleni.

"Loo! Yanawaka kama taa!" shemeji wa mzee, ndugu wa marehemu, alishangilia. "Dada alikuwa na mkono wa kupanda, jamani!"

"Hayakuwa hivi," mzee alisema.

"Shemeji nawe! Kwa kununa, hujambo."

Kilichomtisha mzee hakikuwa maneno yao. Siku hizi, akifumba macho kumtafuta mkewe bustanini, humkuta ameinama katikati ya wekundu wa mashine, na ule mwingine hauji tena.