Kipimo Kilichomsingizia Wifi

Kazini walimwita Ndimu, na hakulikataa jina hilo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, lakini kazi yako ikiwa mbovu alikwambia ni mbovu, bila kuipaka sukari. Yeye na wenzake walitengeneza Kipimo, programu ya kompyuta inayopima programu nyingine. Mfumo wako ukianza kukokota miguu unakiwasha, nacho kinakuchorea mistari kuonyesha kila sehemu imekula muda kiasi gani. Mstari mrefu ndio penye ugonjwa. Ofisi nyingi zilikiamini kuliko macho yao.

Ndimu ndiye aliyegundua kwamba kinasema uongo. Sehemu ya programu ikiwa imekaa tu, inangoja jibu kutoka kwenye seva, ile kompyuta kuu ya mbali, Kipimo kilihesabu kungoja huko kuwa ni kufanya kazi. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja.

"Tulirekebishe hili kwanza. Mengine baadaye."

Meneja alikuwa na tabasamu la kukubali na tabasamu la kukataa, na huwezi kujua lipi ni lipi. "Dada, tutalifikia. Sasa hivi wateja wanataka rangi mpya, na kitufe cha kulinganisha ripoti mbili."

"Ripoti mbili za uongo?"

"Tutalifikia."

Hawakulifikia. Toleo lililofuata lilitoka na rangi, na kitufe, na skrini nyeusi ya kupumzisha macho. Uongo ulikuwa mlemle ndani, umepambwa.

Jumapili moja mchana, wifi yake akaja kuwatembelea. Huyu alikuwa dada wa mumewe, naye pia aliandika programu, katika kampuni ya tiketi za mabasi. Ofisini kwa Ndimu walizoea kumtania kila alipomtaja: "Wifi yupi huyo, wa nyumbani au wa mtandao?" Kwa kawaida aliingia na kelele zake tangu getini. Siku hiyo aliingia kimya, akakaa jikoni, akaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye.

"Wifi, una nini?"

"Nimeacha kazi."

Alieleza bila kuinua macho. Mfumo wa tiketi ulikuwa umezidi kuwa mzito, foleni ya abiria ikafika barabarani. Mkuu wake akaitisha kikao, akaonyesha ripoti ukutani. Mstari mmoja mwekundu ulijaza ukuta mzima: sehemu ya kutoa tiketi, aliyoiandika yeye.

"Akauliza mbele ya watu, 'Aliyeandika hiki alikuwa amelala?' Wakacheka, wifi. Wote. Nikaiandika upya, mstari ukabaki palepale. Nikaandika tena, palepale. Mwishowe nikaamini kweli sijui kitu. Nikaondoka kabla hawajanitoa."

"Hiyo sehemu yako inafanya nini hasa?"

"Inaiuliza seva nauli, inangoja jibu, inachapa tiketi."

"Na walikupima kwa kutumia nini?"

"Si Kipimo chenu hichohicho!"

Ndimu alizima jiko. Mumewe akachungulia mlangoni, akauona uso wa mkewe, akarudi sebuleni taratibu.

Wiki hiyo, wifi yake akiwa bado kwao, Ndimu hakuomba ruhusa ya mtu. Aliweka kando kazi zote alizopangiwa, akalifumua lile kosa mpaka chini kabisa. Alipomaliza, Kipimo kilitenga mambo mawili: muda wa kufanya kazi kwa rangi yake, muda wa kungoja kwa rangi yake. Kisha akasoma tangazo la toleo jipya aliloandika meneja: rangi za kuvutia zaidi, kasi zaidi, na marekebisho madogo madogo.

"Madogo madogo?" Alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya meneja. "Andika ukweli! Andika kwamba matoleo ya nyuma yalihesabu kungoja kuwa kazi, na kama kuna mtu alilaumiwa kwa ripoti zetu, wapime upya."

"Wateja watakimbia, dada."

"Wakimbie! Kuna mtu yuko nyumbani kwangu anajiona hana akili kwa sababu ya mstari wetu!"

"Mambo ya familia tusiyachanganye na kazi."

Hapo damu ilimpanda kichwani. "Wifi yangu angalau ana mimi wa kumwambia. Wengine je? Wako wangapi maofisini wanaotukanwa leo kwa kosa ulilolijua?"

Meneja akatabasamu. Tangazo likatoka na maneno yake yaleyale.

Ndimu alichukua likizo ya siku moja, akamchukua wifi yake karibu kwa nguvu mpaka kwenye ile kampuni ya tiketi. Mfumo wao bado ulikuwa unatambaa, kwa hiyo mkuu hakuwafukuza. Katika chumba kilekile cha kikao, Ndimu aliweka toleo jipya, akapima. Ule mstari mwekundu ukanywea. Pembeni yake ukatokea mwingine mrefu wa kijivu, wa kungoja, ukielekeza kwenye seva ya nauli. Seva hiyo ilikuwa ikikokotoa nauli za njia zote kila abiria mmoja alipoomba tiketi.

Mkuu akajikuna sikio. "Kumbe. Basi mashine ilituchanganya."

Wifi akamgeukia. "Mashine haikuuliza kama nilikuwa nimelala," alisema. "Uliuliza wewe."

"Haya, samahani."

"Siyo hivyo. Waite waliocheka."

Mkuu alimtazama Ndimu kama anayeomba msaada. Ndimu akakunja mikono kifuani. Watu wakaitwa, wakaingia na vikombe vyao vya chai, na mkuu akaomba radhi kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Alipoombwa arudi kazini, alisema hapana, akatangulia kutoka, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili Ndimu alilazimika kukaza mwendo ili kumfikia.

Lakini hasira haikumtoka Ndimu. Jioni hiyohiyo aliandika kwenye ukurasa wa watumiaji wa Kipimo, kwa jina lake, kosa lilikuwa nini na tangu lini lilijulikana. Kulipokucha, majibu yalikuwa yamemiminika. Mmoja alisema mwenzake alihamishwa kitengo kwa sababu ya mstari kama huo. Mwingine aliandika tu: nilidhani ni mimi.

Meneja alimpa onyo, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ngazi. Mchana akalirekebisha tangazo, maana simu za wateja hazikumpa nafasi ya kula. Kisha akaja mezani kwa Ndimu, safari hii bila tabasamu lolote.

"Sasa umefurahi?"

"Bado," Ndimu alisema, akaendelea kuwajibu watu mmoja mmoja.