Maziwa Yalikuwepo

Kosa la wengi ni kudhani mtoto mchanga hajui kitu. Umtoe kwa mama leo, umrudishe baadaye, yote sawa. Nami niliamini hivyo. Nashukuru ukurasa huu wa gazeti kunificha jina, maana ni mwalimu wa misheni huku Makwale, nakaribia miaka hamsini, na wanaoniamini ni wengi.

Boma la Mdachi lilikuwa bado jipya mke wangu alipojifungua binti aliyetanguliza miguu. Niwaeleze wasiojua: kwetu Wanyakyusa mtoto huyo huogopwa kama pacha. Husemwa ng'ombe watakonda na ndugu watavimba miguu, mpaka wazazi watengwe na kufanyiwa dawa. Mimi, niliyebatizwa karibuni, nilihubiri kwamba ni uongo. Dawa niliikataa, lakini moyoni niliwaogopea ng'ombe wa baba. Siku ya nne, ili awe mbali na zizi, nilimpandisha mtoto mtumbwini, nikampeleka Lyulilo, kando ya ziwa, kwa mfinyanzi wa kabila la Wakisi aliyekuwa akinyonyesha. Kanisani nikasema mke wangu hana maziwa. Yeye mwenyewe nilimwambia homa yake imeyaharibu.

Yalikuwepo, mazuri. Yalilowesha nguo yake siku nyingi.

Binti alirudi akiwa na miaka miwili. Mama yake akimkumbatia, alikakamaa kama ukuni. Akilia, alikwenda kwenye mtungi wa maji, akaweka shavu kwenye udongo ule wenye unyevu mpaka akatulia. Nimefundisha watoto wengi, najua kichwa husahau. Lakini nadhani ngozi hukumbuka, na ya kwake ilimkumbuka mfinyanzi.

Sasa ameolewa Njisi, na mimba yake ya kwanza imefika miezi yake. Mama yake alitaka kwenda kumhudumia. Nilipopeleka habari hiyo, binti alijibu kwa upole.

"Tata, asije. Aliyenitoa nikiwa na siku nne atampokeaje mwanangu?"

Nikamuaga, nikashika njia. Nyumbani, mke wangu alipojua amekataliwa, aliukunja mkeka aliokuwa akimsukia mjukuu, akauweka darini.

"Ana haki," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa na maziwa mabaya."

Nikachukua vitabu vyangu, nikaenda shuleni.

Nikisema kweli, huenda nikawapoteza wote wawili, na shule pia. Nisiposema, mjukuu atazaliwa bibi yake akiwa amekaa peke yake na hatia yangu. Ninyi mngeanza na yupi, mama au binti? Niambieni, mimba haingoji.

Nanyi, kama nyumbani mwenu leo kuna mzazi aliyetengwa na mtoto wake, mrudishieni mtoto huyo kifuani.