Ghala la Pasca na Kitabu cha Rubani

Pasca wa Ombaci alimzalia Afedra watoto sita, akazika wawili, akamlimia mihogo miaka ishirini na miwili, na malipo yake yakawa kuachwa kama jembe lililovunjika mpini. Mwanamume alihamia Abuku, kule Koboko, kwa msichana aitwaye Lillian, mwenye meno meupe na mikono isiyojua kupepeta. Alibeba redio, baiskeli, godoro, hata kamba ya kuanikia nguo. Ghala hakulibeba. Lilibaki uani juu ya miguu yake minne, tumbo la udongo, kofia ya nyasi kichwani. Kwao ghala ni la mke. Mume haliinui kofia yake hata akifa njaa.

Pasca akaendelea kuuza mihogo mikavu na kumlaani Afedra kila asubuhi kabla ya chai, maana sukari ilikuwa ghali na laana ilisaidia.

Jumanne moja ndege ndogo ya mizigo ilikuwa inakuja Arua. Rubani na msaidizi wake wakaona kitu juu ya Koboko. Hakikuwa na mabawa wala moshi. Kilisimama tu hewani, kikubwa kuliko ndege yao, kinene chini, kimechongoka juu, kisha kikaenda zake upande wa Kongo kwa mwendo ambao hawajawahi kuuona. Walipotua wakafungua kitabu chao kuandika, na wakakwama kwenye umbo. Msaidizi alitaka kuandika chungu, rubani alitaka kitunguu. Swadiki, mpakua mizigo, akawasikiliza mpaka akachoka, akawaambia kwamba kitu wanachokieleza ni ghala. Wakamshukuru, wakaandika: saa tisa na dakika kumi mchana, kitu mfano wa ghala la nafaka, hakijulikani.

Kabla jua halijatua soko zima la Arua lilikuwa na habari. Kesho yake ikafika Koboko, ikiwa imenenepa njiani.

Afedra alikuwa ameanza kukitamani kile kiwanja cha Ombaci alikomwacha Pasca, amjengee Lillian duka. Habari ya ghala ikamwangukia kama nyama kwenye sahani. Akatuma ujumbe kwa wazee wa ukoo kwamba ghala lililoruka ni la Pasca, lilikuja kumtafuta yeye kule Abuku, na ukoo hauwezi kukaa na mwanamke mchawi wa namna hiyo. Arudishwe kwa kaka zake, kiwanja kibaki kwa mwenyewe.

Jumamosi wazee wakaketi uani kwa Pasca, Afedra akiwapo, wakilitazama ghala. Mmoja aliinama kuchungulia kama miguu yake imesogezwa karibuni, akakuta mayai mawili ya kuku. Mwingine aliuliza kama linapotua linajielekeza lenyewe au linaongozwa. Pasca aliwamiminia pombe ya kwete. Aliyatazama makaburi mawili madogo kando ya uzio, akajua kwamba akifukuzwa, duka litajengwa juu ya makaburi hayo.

Swadiki akaitwa, akaeleza yaliyoandikwa. Mzee Obeti, mkuu wa ukoo, aliposikia kwamba kitu kile kilikuwa kikubwa kuliko ndege, alilipima ghala kwa macho, halafu akamtazama Afedra. Afedra akajibu kwamba ghala likiruka huvimba.

Hapo Pasca akaweka kata chini.

"Baba Andama," alimwambia Afedra kwa jina la mtoto wao, "rubani iko na macho ya kulipwa. Aliona, akaandika hajui. Wewe ulikuwa umelala Abuku, hukuona kitu, na wewe ndio unajua mpaka mwenyewe ni nani."

Wazee wakacheka, mmoja akapaliwa na pombe. Afedra akadai ghala lifunguliwe, kwani dawa ya kurukia imo ndani. Obeti akauliza nani atalifungua. Wazee wote wakakumbuka magoti yao.

"Fungua wewe," Pasca akamwambia Afedra. "Mwenye ghala amekuruhusu. Inua kofia uwaonyeshe."

Afedra akainuka. Alipobakiza hatua mbili, upepo ukatikisa zile nyasi kidogo. Akasimama. Akasema bega lilikuwa linamsumbua tangu Koboko, barabara mbaya. Obeti akamwacha amalize habari zote za bega, kisha akasema:

"Afedra, mtu anayeogopa ghala hawezi kuishi nalo uani. Na ghala hili haliendi popote, kuku wanalitagia. Basi wewe ndio kaa mbali. Kiwanja iko ya Mama Andama."

Afedra alipanda bodaboda, na watu wa barabara ya Koboko wanasema alitazama juu mpaka Abuku.

Kile kitu hakijajulikana mpaka leo. Wanaomuuliza Pasca, anawajibu wakamuulize rubani. Wiki ile ile alichukua jembe, akapanda karanga pale Afedra alipokuwa tayari amesimika vijiti vya kupimia duka, akavitumia vile vijiti kuivishia maharage.